Rangi ya Gari la Umeme: Ulinzi wa Kweli na Ulinzi wa Maneno

Mwezi Novemba mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha hadharani gari dogo la umeme la watu wawili, lililopewa jina la Kiira EV. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye kutumia nguvu za jua, na baada yake mabasi ya umeme ya Kayoola EVS, ambayo yaliunganishwa Nakasongola katika kiwanda cha Luwero Industries, kilicho chini ya NEC, shirika la uzalishaji mali la jeshi. Kwa hiyo wapiganaji wa Uganda hawahitaji kuelezwa gari la umeme ni kitu gani, kwani wamo miongoni mwao waliolishika kwa mikono yao wenyewe. Umeme nao upo. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, limefanya kazi tangu mwaka 1954, na bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa rasmi mwaka 2024. Petroli hununuliwa nje kwa fedha za kigeni, lakini maji ya Nile hayaagizwi kutoka kokote.

Kila chombo kipya kiingiapo sokoni huja na wafuasi wake. Gari la umeme nalo limekuja na mfuasi mmoja ambaye hana budi kuchunguzwa kwa makini na kila askari anayetia akiba kwa ajili ya kununua gari. Mfuasi huyo ni huduma iitwayo ulinzi wa rangi. Mnunuzi akishapatana bei ya gari, na kabla hajaweka sahihi, huambiwa kwamba ipo dawa maalumu ya kupaka juu ya rangi, nayo italifanya gari ling'ae kama siku ya kwanza kwa miaka mingi. Dawa hiyo ina bei yake, na bei hiyo haikuwamo katika hesabu aliyoifanya mnunuzi nyumbani kwake.

Na uchukuliwe mfano wa mkaguzi wa polisi anayeishi Kalerwe, katika Tarafa ya Kawempe, kaskazini mwa Kampala. Amekusanya akiba yake kwa miaka kadhaa katika chama cha akiba na mikopo, kama vile walivyo na Exodus ndugu zake wa polisi, na Wazalendo ndugu zake wa jeshi. Mkopo umekubaliwa, gari limechaguliwa, mke na watoto wanangoja nyumbani. Hapo ndipo muuzaji anapomwambia kwa upole: "Afande, rangi ya magari haya ya umeme ni laini sana. Ukiongeza shilingi milioni mbili tu, tutaipaka kinga ya seramiki, na hutaona mkwaruzo tena. Milioni mbili si kitu, tutaziingiza humo humo katika mkopo."

Je, afande huyo akubali au akatae? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna mishahara ya miezi mingi. Jibu lake halipatikani kwa kutazama mng'ao wa gari lililoegeshwa dukani chini ya taa. Hupatikana kwa kujua rangi ya gari ni nini, adui zake ni nani, na kila aina ya kinga inaweza kumzuia adui yupi. Hivyo ndivyo askari anavyofundishwa kuupima ulinzi wowote: kwanza hutambua adui, kisha hupima silaha, na mwisho huhesabu gharama.

Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Bati la gari linapotoka kwenye mashine ya kukunja huoshwa, hutiwa dawa ya fosfati, kisha huzamishwa katika birika la rangi ya kwanza ambayo huvutwa na umeme ikashika kila pembe, hata zile ambazo brashi ya fundi haifiki. Tabaka hilo ndilo linalozuia kutu. Juu yake hupigwa rangi ya kusawazisha, halafu rangi yenyewe inayoonekana, iwe nyekundu au nyeupe, na juu kabisa hupigwa vanishi isiyo na rangi. Tabaka zote hizo kwa pamoja, kwa kawaida, unene wake ni kati ya maikroni 100 na 150, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Vanishi pekee huwa karibu maikroni 40 au 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Mng'ao wote ambao mnunuzi huusifu umo katika utando huo mwembamba.

Kwa hiyo muuzaji hakosei anaposema kwamba rangi ni kitu chepesi kuumia. Anakosea anapodai kwamba wepesi huo unatokana na gari kuwa la umeme. Rangi haijui kama gurudumu linazungushwa na petroli au na betri. Kiwanda kinachounda magari ya aina zote mbili kinaweza kuyapitisha katika birika lile lile na tanuri lile lile. Ugumu na unene wa rangi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na kati ya rangi na rangi. Ikiwa muuzaji anadai kwamba gari lake lina rangi dhaifu, basi amelitolea ushahidi gari lake mwenyewe, naye aulizwe kwa nini analiuza kwa bei hiyo.

Sasa na watazamwe adui, na hakuna mahali panapowaonyesha waziwazi kuliko Kalerwe. Soko la Kalerwe liko kando ya Barabara ya Gayaza, karibu na makutano yake na Barabara ya Mchepuko ya Kaskazini iliyofunguliwa mwaka 2009. Malori huleta matoke, kabichi, nyanya na mihogo kutoka mashambani. Mikokoteni, bodaboda zenye makreti ya mayai, teksi za abiria na wapagazi wenye magunia mabegani hugombea njia ile ile. Mvua ikinyesha sana, mfereji wa Nsooba hufurika na maji yenye matope huingia barabarani na majumbani. Jua likirudi, matope hayo hukauka yakawa vumbi jekundu linaloshika kila kitu. Na juu ya mapaa, juu ya nguzo na miti, wamekaa ndege wakubwa wenye vipara wanaoitwa kalooli, ambao wakazi wa Kampala wanawajua vizuri, pamoja na alama nyeupe wanazoziacha kwenye magari.

Katika mazingira hayo gari lina adui watano wakubwa. Wa kwanza ni jua. Kampala iko karibu kabisa na Ikweta, katika mwinuko wa mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huila vanishi polepole mpaka ikapoteza mng'ao na kuanza kubanduka. Wa pili ni vumbi. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga wa kwazi, ambazo ni ngumu kuliko vanishi yoyote, na chembe hizo zinaposuguliwa kwa sponji huchora duaradufu ndogo ndogo zinazoonekana juani. Wa tatu ni mavi ya ndege, utomvu wa miti na wadudu waliopondeka, ambavyo vina asidi na vitu vingine vya kuunguza, na hufanya kazi haraka zaidi bati likiwa la moto. Wa nne ni kokoto zinazorushwa na magari yaliyo mbele. Wa tano ni mgongano mdogo: usukani wa bodaboda unaopita ukikwangua, ukingo wa mkokoteni, mlango wa jirani uliofunguliwa bila hadhari.

Adui wakishajulikana, silaha nazo zipimwe. Zipo aina tatu zinazouzwa, na mara nyingi zote huitwa kwa jina moja ili mnunuzi asiweze kuzitofautisha.

Silaha ya kwanza ni nta, pamoja na zile dawa za maji zinazoitwa silanti. Nta hupakwa kwa mkono, hukauka kidogo, kisha husuguliwa kwa kitambaa laini. Huzuia maji na uchafu visishike kwa nguvu, hupunguza kidogo ukali wa jua, na humpa mwenye gari nafasi ya kuondoa mavi ya ndege kabla hayajala vanishi. Haizuii kokoto wala usukani wa bodaboda. Nta hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache, kisha hupakwa tena. Bei yake ni ndogo, na kazi yake haihitaji fundi.

Silaha ya pili ni seramiki. Hii ni dawa ya maji yenye silika ndani yake, ambayo ikipakwa juu ya vanishi iliyosafishwa vizuri hukauka na kuwa utando mgumu unaoshikamana na rangi. Hufanya kazi ya nta, na huifanya vizuri zaidi na kwa muda mrefu zaidi, pengine miaka miwili au zaidi kwa dawa nzuri iliyopakwa na fundi hodari. Matope huteleza na gari huoshwa kwa urahisi. Lakini unene wake kwa kawaida ni maikroni moja au mbili tu. Askari yeyote anaweza kupima mwenyewe: je, ukuta wa unene wa sehemu ya elfu ya milimita utazuia kokoto iliyorushwa na gurudumu la lori? Hautazuia. Utazuia ukingo wa mkokoteni wa Kalerwe? Hautazuia.

Hapa lazima ifafanuliwe alama moja ambayo imewapotosha watu wengi. Kwenye chupa za dawa hizo huandikwa "9H", na muuzaji husema kwamba maana yake ni ugumu unaokaribia almasi, kwa kuwa almasi ina alama 10. Maelezo hayo yamechanganya vipimo viwili. Kipimo cha almasi ni kile cha mawe, ambamo almasi ni 10 na mchanga wa kwazi ni 7. Alama ya 9H ni ya kipimo kingine kabisa, cha penseli: huchukuliwa penseli za ugumu mbalimbali, zikakwaruzwa juu ya rangi, ili ionekane ni penseli ipi itakayoacha alama. Rangi inayoshinda penseli ngumu kabisa bado inaweza kukwaruzwa na mchanga wa kwazi uliomo katika vumbi la barabarani.

Silaha ya tatu ni utando wa plastiki angavu unaobandikwa juu ya rangi. Historia yake yaanzia jeshini. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, helikopta za Marekani zilikuwa zikiharibika mapanga kwa mchanga na vipande vilivyorushwa zilipotua, na kampuni ya 3M ikatengeneza utando wa poliyurethani wa kuyakinga mapanga hayo. Baadaye utando huo ukahamia kwenye magari ya mashindano, na hatimaye kwenye magari ya watu binafsi. Unene wake ni kati ya maikroni 150 na 200, yaani takriban mara mia ya ule wa seramiki. Huu ndio ulinzi pekee kati ya hiyo mitatu unaozuia kokoto kwa kweli, na hata mikwaruzo midogo hujifuta juani katika aina zilizo bora. Lakini bei yake ni kubwa, kazi ya kuubandika inahitaji ustadi na chumba kisicho na vumbi, na utando wa bei nafuu hugeuka manjano kwa jua na kuacha gundi unapobanduliwa. Gari zima likivikwa utando huo, gharama yaweza kufikia sehemu kubwa ya bei ya gari dogo lililotumika.

Ipo pia dawa iliyosifiwa sana zamani kwa jina la Teflon. Inafaa ikumbukwe kwamba Teflon ya kikaango hushikamana na chuma kwa kuokwa katika joto la zaidi ya digrii 300. Gari haliwezi kuokwa hivyo na rangi ikabaki. Kuimimina Teflon katika nta ya kawaida ni kununua jina tu.

Sasa arudiwe mkaguzi wa Kalerwe na shilingi zake milioni mbili. Muuzaji alisema kwamba fedha hizo si kitu kwa kuwa zitaingia katika mkopo. Hesabu yasema vingine. Mkopo ukiwa na riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya salio linalopungua, na ukilipwa kwa miezi 36, basi milioni mbili hizo zitadai karibu shilingi 72,300 kila mwezi, na mpaka mwisho zitakuwa zimelipwa takriban shilingi 2,603,000. Yaani zaidi ya laki sita zimekwenda kuilipia riba dawa ambayo huenda imekwisha kufifia kabla ya deni kumalizika. Gari ni chombo cha kazi na mkopo wake unaweza kuelezeka. Mkopo wa mng'ao hauelezeki.

Isitoshe, gari la umeme lina mahitaji yake ya kweli ambayo yanashindania fedha hizo hizo. La kwanza ni umeme wa nyumbani: waya wa kufaa, swichi ya kukata umeme wakati wa hatari, na fundi mwenye leseni wa kuviweka. Gari linalochajiwa usiku kucha kupitia waya mwembamba na soketi iliyolegea ni hatari kwa nyumba nzima, na hasa katika mitaa iliyosongamana. La pili ni matairi, kwa kuwa betri huongeza uzito wa gari kwa mamia ya kilo, na uzito huo huyala matairi haraka. La tatu ni bima. Bima ya lazima humlinda mtu wa tatu tu, haimlipi mwenye gari usukani wa bodaboda ukilikwangua. Anayetaka ulinzi dhidi ya ajali za Kalerwe ataupata katika bima kubwa, hataupata katika chupa ya seramiki.

Siku mkaguzi huyo atakapotaka kuliuza gari lake, mnunuzi mwenye akili ataanza kuuliza afya ya betri, kwa sababu betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari la umeme. Rangi inayong'aa haiwezi kuifidia betri iliyochoka. Jambo hili lawahusu zaidi wale wanaonunua magari yaliyokwisha kutumika, ambao ndio wengi. Tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018, magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi hayaruhusiwi kuingizwa nchini, lakini hata gari la umeme la miaka minane au tisa kutoka Japani, kama vile Nissan Leaf, linaweza kuwa na rangi nzuri na betri iliyopungua nguvu sana. Tena, kulipaka seramiki gari lililotumika bila kulisafisha na kuondoa mikwaruzo yake kwanza ni sawa na kufunga jeraha bila kuliosha: kilichomo hufungiwa humo humo.

Hata hivyo haki ni haki, na upande wa pili lazima usikilizwe. Yako mambo mawili katika gari la umeme ambayo huifanya rangi ya kiwandani iwe ya kutunzwa zaidi. La kwanza ni kwamba gari likipigwa rangi upya katika gereji kubwa, huingizwa katika chumba cha joto ili rangi ikauke. Watengenezaji wengi wa magari ya umeme huweka kikomo cha joto na muda, kwa sababu joto kali hudhuru betri. Fundi asiyejua jambo hilo anaweza kuokoa rangi akaharibu betri. La pili ni kwamba magari mengi mapya yana rada na vihisio nyuma ya bampa. Rangi nene iliyorudiwa rudiwa, au utando uliobandikwa ovyo juu yake, huweza kuvipotosha. Kwa hiyo kuzuia uharibifu ni bora kuliko kutengeneza, nayo ni hoja ya kweli ya kutunza rangi ya kwanza.

Lipo pia onyo moja la usalama. Wako mafundi wanaopuliza lami au dawa ya kuzuia kutu chini ya magari. Kwa gari la petroli kazi hiyo ina manufaa yake. Kwa gari la umeme, chini ndiko iliko betri, pamoja na matundu yake ya kupumulia na kebo za rangi ya machungwa zenye umeme mkali. Dawa isipulizwe huko bila idhini ya mtengenezaji. Gari likizamishwa na mafuriko ya Nsooba mpaka sakafuni, lisiwashwe wala lisichajiwe kabla ya kukaguliwa na fundi anayeijua kazi hiyo.

Basi hukumu ni ipi? Askari anayekaa na kufanya kazi mjini, anayeendesha polepole katika msongamano, hapati faida ya kutosha kutoka katika kifurushi ghali cha dukani. Adui yake mkubwa ni mkwaruzo wa jirani na sponji chafu, na kifurushi hicho hakimzuii hata mmoja wao. Nta na uoshaji mwema vinamtosha. Anayeegesha gari juani mchana kutwa, akakusudia kulitumia kwa miaka mitano au zaidi, anaweza kufikiria seramiki, kwa sharti kwamba atailipia kwa fedha taslimu na si kwa mkopo, na kwamba atauliza bei kwa mafundi wawili au watatu wa nje kabla ya kuikubali ile ya muuzaji. Hakuna sababu ya kuipaka siku ile ile ya kununua gari, kwani rangi itakuwepo hata mwezi ujao. Na yule aliyepangiwa kituo cha mbali, ambaye kila wiki hupita barabara za changarawe nyuma ya malori, anaweza kuubandika utando wa plastiki mbele tu: ukingo wa boneti, bampa na migongo ya vioo vya pembeni. Hapo ndipo kokoto hupiga, na hapo ndipo fedha hufanya kazi yake.

Anayekubali kulipa na alipe kwa macho mawili. Aulize jina kamili la dawa. Aulize nani anayetoa dhamana, muuzaji wa gari au mtengenezaji wa dawa, na kama mtoa dhamana huyo ana ofisi Kampala. Asome yale yasiyofidiwa, maana mara nyingi kokoto, mavi ya ndege yaliyochelewa kuondolewa na kukosa kuhudhuria ukaguzi wa kila mwaka vimo humo, na dhamana ya miaka kumi yaweza kufa katika mwaka wa pili. Kila ahadi iliyotolewa kwa mdomo iandikwe na kutiwa sahihi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma humlinda mnunuzi pale ambapo bidhaa hailingani na maelezo yake, lakini polisi wanajua kuliko watu wote kwamba kesi husimama kwa ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Lililobaki ni utunzaji wa kila siku, na hapa askari ana faida kuliko raia wengi, kwa sababu amefundishwa. Bunduki haitunzwi kwa kupakwa dawa mara moja ikaachwa. Hufunguliwa, husafishwa, hupakwa mafuta na kukaguliwa, leo na kesho na keshokutwa. Gari nalo ni hivyo hivyo. Kwanza limwagiwe maji mengi ili vumbi liondoke kabla halijaguswa na kitambaa. Ziwepo ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na sponji iliyoanguka chini isirudi kwenye bati. Itumike sabuni ya magari, kwani sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta yote. Maji ya mfereji yenye mchanga yasitumike kamwe. Bomba la maji ya nguvu lisielekezwe kwenye tundu la kuchajia. Mavi ya kalooli yaloweshwe na kufutwa siku ile ile, bila kukwaruzwa. Gari lisifunikwe turubai likiwa na vumbi, maana upepo huligeuza turubai hilo kuwa msasa. Mkwaruzo uliofika kwenye bati uzibwe kwa rangi mapema, kabla kutu haijaingia. Na nta ipakwe tena kila miezi miwili au mitatu, kivulini, bati likiwa limepoa.

Kazi hiyo yote huchukua saa chache za siku ya mapumziko, na gharama yake kwa mwaka ni sehemu ndogo ya zile milioni mbili. Watoto wa nyumbani wanaweza kufundishwa kuifanya.

Gari la umeme ni hatua ya maendeleo, na askari anayelinunua kwa akiba yake halali anastahili pongezi. Inafaa basi asiruhusu hatua hiyo igeuzwe kuwa mlango wa kumnyang'anya jasho lake kwa maneno matamu. Muuzaji akisema, "Afande, milioni mbili si kitu," mkaguzi wa Kalerwe na amjibu kwa utulivu kwamba kwake yeye ni kitu, kwamba atakwenda kuhesabu, na kwamba gari atalichukua kama lilivyotoka kiwandani. Kisha njiani kurudi nyumbani apitie dukani, anunue kopo moja la nta na vitambaa viwili laini.